Taarifa ya Fedha ni Sehemu ya Tiba: Ruzuku za Serikali katika Zahanati za Kibondo na Kasulu

Hadi mwaka wa fedha wa 2016/17, zahanati ya kijiji katika nyanda za juu za Kigoma ilikuwa na stoo, ilikuwa na rejista, na pengine ilikuwa na muuguzi mmoja na mganga mmoja. Kitu ambacho kwa kawaida haikuwa nacho ni mkoba wa ruzuku. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ulioanzishwa na Serikali pamoja na wadau wa maendeleo mwaka 1999, zilitoka Hazina zikaishia katika akaunti ya halmashauri. Mganga mfawidhi wa zahanati iliyo mbali na mji wa Kibondo au wa Kasulu aliandika maombi yake, akasubiri, na siku gari lilipofika lilimletea vitu, si fedha. Hakudaiwa hesabu ya kitu ambacho mkono wake haukukishika.

Mwaka wa fedha wa 2017/18 ulibadili hali hiyo. Ruzuku ya Mfuko wa Pamoja ilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za benki za vituo vya kutolea huduma, zahanati za vijijini zikiwamo, na pamoja nayo ukaletwa mfumo wa kielektroniki wa uhasibu na utoaji wa taarifa za fedha unaojulikana kwa ufupisho wake, FFARS. Tangu hapo zahanati ni mpokeaji wa mwisho katika mnyororo unaoanzia kwa mlipakodi na kwa wadau wa maendeleo, ukapitia Hazina na TAMISEMI chini ya usimamizi wa halmashauri, na kufika katika chumba kidogo chenye meza, kabati na jokofu la chanjo. Mpokeaji huyo anatakiwa kueleza, kila robo mwaka, alichopokea, alichotumia, kwa idhini ya nani, na kilichobaki.

Wenzangu wengi huutazama wajibu huo kama kazi ya wahasibu iliyotupiwa watu wa tiba. Ninakubali kwamba mzigo ni mzito na kwamba umegawanywa vibaya, na nitaeleza kwa nini. Sikubali, hata hivyo, kwamba si kazi ya tiba. Na ninaamini kwamba wagonjwa, ambao kwa nadra huambiwa lolote kuhusu taarifa hizi, ndio wasomaji wake wenye haki kubwa kuliko wote.

Ampuli 40 za oksitosini

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa kuwa mambo haya hueleweka vema zaidi yakishuka kwenye tarakimu. Zahanati imepokea mgawo wake wa robo. Kamati ya usimamizi ya kituo imekaa, imepitia mpango uliokwisha idhinishwa, na imeridhia ununuzi wa dawa. Bohari ya Dawa imejibu kwamba baadhi ya dawa hazipo. Kwa hiyo zimenunuliwa kwa mshitiri, yaani msambazaji aliyeteuliwa na mkoa kwa ajili ya hali kama hiyo. Miongoni mwa dawa hizo zimo ampuli 40 za oksitosini, kila moja ikiwa na yuniti 10.

Katika taarifa dhaifu, manunuzi hayo yote huonekana kwa neno moja, “dawa”, na jumla ya shilingi. Hati ya malipo ipo, pengine na risiti ya mashine imo, lakini hakuna orodha, hakuna hati ya kupokelea mali iliyosainiwa na mjumbe wa kamati, wala namba ya ukurasa wa leja ambamo dawa ziliingizwa. Mkaguzi akifika ataandika hoja: malipo yasiyo na viambatisho vya kutosha. Mganga ataona ameonewa, maana dawa alinunua kweli na wazazi walizitumia kweli. Lakini mkaguzi hakuwepo wodini. Yeye anaona karatasi tu, na karatasi haikusema.

Sasa tuifuate taarifa iliyo kamili, tuone inatufikisha wapi. Leja ya stoo inaonyesha ampuli 40 zimeingia, na mwishoni mwa robo hakuna hata moja iliyobaki. Kitabu cha MTUHA namba 12, ambacho ni rejista ya wodi ya uzazi, kinaonyesha wanawake 22 walijifungua. Kila mmoja hupewa yuniti 10 mara mtoto anapozaliwa, ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimwagike. Hizo ni ampuli 22. Zilizobaki 18 zimekwenda wapi? Rejista inajibu kwa sehemu: wanawake wawili walitoka damu nyingi baada ya kujifungua, kila mmoja akawekewa ampuli nne katika dripu kabla ya kupelekwa hospitali. Hizo ni nane nyingine. Ampuli kumi bado hazina maelezo.

Hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa tiba. Ampuli kumi zinaweza kuwa zimeibwa. Hilo hutokea, na hakuna sababu ya kulionea haya. Zinaweza pia kuwa zimetumiwa lakini hazikuandikwa, na hapo tunajifunza kwamba muuguzi alikuwa peke yake usiku ule. Au jokofu lilizima kwa siku kadhaa. Oksitosini hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu polepole, huku ampuli ikibaki kuonekana nzima na maji yake yakiwa safi. Mama anapewa sindano, na damu haisimami. Zahanati ambayo imeziteketeza ampuli hizo mbele ya kamati, ikaandika muhtasari na kuutaja katika taarifa yake, imefanya mambo matatu kwa karatasi moja: imefunga hoja ya ukaguzi kabla haijazaliwa, imeomba jokofu kwa ushahidi, na imemwepusha mama wa robo inayofuata na dawa isiyo na nguvu.

Kutoka damu baada ya kujifungua kungali miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi. Ndiyo maana nimechagua dawa hii badala ya dawa ya malaria, ingawa hesabu ya dawa mseto na vipimo vya haraka vya malaria dhidi ya rejista ya wagonjwa wa nje huleta mafunzo yaleyale, tena kwa wingi zaidi.

Mkoa wa Kigoma una haki ya kujivunia historia katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, Dkt. Godfrey Mbaruku, akiwa daktari katika Hospitali ya Mkoa ya Maweni, alirudi kwenye majalada ya miaka ya 1984 hadi 1986 kutafuta ni nini hasa kilichowaua wanawake waliofika pale kujifungua. Kutokana na majibu aliyoyapata, hospitali ilianzisha hatua 22 zilizotegemea zaidi rasilimali za hapohapo. Katika makala aliyoichapisha pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995, walionyesha kwamba uwiano wa vifo vya uzazi ulishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 ilipofika mwaka 1991. Kazi hiyo haikuanza kwa mtambo mpya. Ilianza kwa mtu aliyesoma kumbukumbu ambazo wengine walikuwa wameziandika na kuzisahau. Kama majalada yale yangekuwa matupu, asingekuwa na pa kuanzia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zahanati kinachopotea bila habari si mali peke yake.

Mzigo na mbebaji wake

Niseme sasa kuhusu uzito wa mzigo. Taarifa ya MTUHA hutakiwa kufika wilayani kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Taarifa ya fedha hufungwa kila robo: 30 Septemba, 31 Desemba, 31 Machi na 30 Juni. Mbili kati ya tarehe hizo, ya Desemba na ya Machi, huangukia ndani ya msimu wa mvua wa Kigoma, ambao huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Ni wakati ambapo malaria hujaza madawati ya zahanati, barabara za kuingia vijijini huteleza, na mtandao hukatika. Anayetakiwa kufunga hesabu ni yuleyule anayezalisha, anayechanja, anayepima na anayefagia.

Katika hali hiyo umezuka utaratibu ambao mimi nauona kuwa kosa la kiutawala lenye madhara ya kitabibu: kumwita mganga mfawidhi mjini kurekebisha taarifa. Hati imekosa kiambatisho, kasma imeandikwa siyo, bakaa ya benki hailingani na ya daftari la fedha; basi anaambiwa aje na makabrasha yake. Anapanda pikipiki asubuhi, anakaa zamu ofisini, analala mjini. Zahanati yenye watumishi wawili inabaki na mmoja, na yenye mmoja inafungwa. Mjamzito aliyetembea saa mbili kutoka kitongojini anakuta kufuli. Hakuna safu ya FFARS inayoandika kufuli hilo.

Njia nyingine ipo. Mhasibu msaidizi aliyepo kituo cha afya anaweza kupangiwa ratiba ya kuzitembelea zahanati za kata yake katika wiki ya mwisho ya robo, tena siku isiyo ya kliniki ya watoto. Timu ya Uendeshaji Huduma za Afya ya Halmashauri inakwenda vijijini kwa usimamizi shirikishi hata hivyo. Kiti kimoja ndani ya gari hilo kikaliwe na mtu wa hesabu. Gharama yake ni ndogo kuliko siku mbili za zahanati isiyo na mganga, na makosa mengi niyajuayo ya taarifa za zahanati hurekebishika kwa nusu saa pale penye daftari, leja na rejista juu ya meza moja.

Kuna pia suala la risiti, ambalo limewakosesha usingizi watumishi waaminifu. Mwenye pikipiki aliyembeba mgonjwa au aliyeleta sanduku la dawa hana mashine ya kutoa risiti ya kielektroniki, wala fundi aliyeziba paa. Kuacha kulipa haiwezekani, na kutafuta risiti ya duka jingine “ili karatasi ikae sawa” ni kughushi, hata kama kila shilingi ilitumika kwa haki. Mfawidhi amuulize mhasibu wa halmashauri kabla ya malipo, si baada yake, malipo ya namna hiyo yathibitishwe vipi. Na kwa vyovyote vile aandike siku hiyohiyo jina la aliyelipwa, kazi aliyoifanya, kiasi, saini ya mpokeaji na saini ya mjumbe wa kamati aliyeshuhudia. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ya tukio ina nguvu ambayo maelezo ya miezi tisa baadaye, mbele ya mkaguzi, hayawezi kuipata.

Mnyororo mrefu zaidi

Kibondo na Kasulu zina upekee mwingine. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 wimbi la Warundi lilisababisha kambi ya Nduta, Kibondo, ifunguliwe upya. Hospitali za wilaya zikapokea rufaa kutoka kambini na kutoka vijijini kwa pamoja, na mashirika mengi yakaja na fedha za serikali za nje. Nje ya kambi pia, huduma za VVU mkoani Kigoma zimegharimiwa kwa muda mrefu na Marekani kupitia mpango wake wa PEPFAR. Shirika la Kitanzania la THPS ni miongoni mwa waliotekeleza kazi hiyo hapa kwa fedha za taasisi ya CDC.

Mtumishi wa halmashauri au wa asasi ndogo inayopokea sehemu ya fedha hizo huona masharti kama ukaidi wa shirika linalompa. Mara nyingi shirika lenyewe limefungwa na masharti hayohayo. Kanuni za Marekani zinamtaka anayepitisha ruzuku kwa mwingine aandike katika mkataba fedha zimetoka wapi na kwa masharti gani, apime hatari ya kila mpokeaji, na amfuatilie. Sheria yao ya mwaka 2006 kuhusu uwazi wa fedha inataka ruzuku inayopitishwa kwa mpokeaji wa ngazi ya kwanza, ikifikia dola 30,000, itangazwe hadharani kufikia mwisho wa mwezi unaofuata ule iliyotolewa. Nyaraka hutunzwa kwa miaka mitatu baada ya taarifa ya mwisho ya fedha. Mkataba ukiisha, mpokeaji mkuu ana siku 120 za kufunga hesabu; mpokeaji mdogo ana 90, kwa kuwa hesabu zake lazima ziingie kwanza ndani ya zile za mkubwa wake. Anayechelewa chini humchelewesha aliye juu.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje ili ipitiwe upya, wapokeaji wa kila ngazi walitakiwa kusema papo kwa papo: kazi imefikia wapi, nini kimelipwa, nini hakijalipwa. Swali kama hilo halijibiwi na asasi ambayo huandika hesabu zake mwezi wa mwisho wa robo. Hujibiwa na ile inayoziandika kila Ijumaa.

Nina onyo moja kwa wanaoandaa viambatisho vya taarifa za namna hii, na hili nalisema kama daktari. Orodha ya waliorudishiwa nauli ya kliniki ya dawa za kufubaza VVU ni hati ya fedha, lakini kwanza ni siri ya mgonjwa. Mkaguzi ana haki ya kuhakiki malipo. Hana haja ya orodha hiyo kupigwa picha na kutumwa katika kundi la simu la wilaya. Tumieni namba za utambulisho, orodha yenye majina ibaki kabatini chini ya ufunguo, na atakayehitaji kuiona aione mbele ya mfawidhi. Kumwanika mgonjwa ili hesabu ifunge ni kosa kubwa kuliko hoja yoyote ya ukaguzi.

Ubao wa matangazo

Taarifa zote nilizozitaja hupanda juu: kwa Mganga Mkuu, kwa Mkurugenzi Mtendaji aliye afisa masuuli, TAMISEMI, Hazina, na hatimaye kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huko juu kuna adhabu kwa asiyetoa taarifa. Kuteremka kwa taarifa, kwenda kwa mwanakijiji ambaye ruzuku ilitolewa kwa jina lake, hakuna anayekufuatilia kwa ukali uleule, na ndiyo maana ubao wa matangazo wa zahanati nyingi una bango la chanjo lililofifia na si kingine.

Mlinzi wa karibu zaidi wa mganga mwaminifu ni ubao huo. Tetesi za kijijini kwamba “pesa za dawa zinaliwa” hukua pale ambapo watu wanajua fedha zimekuja na hawajui zilikokwenda. Karatasi moja kila robo inatosha, kwa Kiswahili cha kawaida: tulipokea kiasi hiki tarehe hii, tulinunua dawa hizi, kwa idadi hizi, tulitengeneza kitu hiki, kimebaki kiasi hiki, dawa hizi tuliziagiza na hazijapatikana. Mstari huo wa mwisho ndio ambao wenzangu huogopa kuuandika, nao ndio wenye manufaa zaidi kwa mgonjwa. Mama anayejua mapema kwamba zahanati haina dawa ya kuzuia kifafa cha mimba anaweza kupanga kujifungulia kituo cha afya, badala ya kuligundua hilo usiku wa manane akiwa tayari na uchungu.

Kwa upande wa mgonjwa, milango iko kadhaa. Wajumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo wanatoka miongoni mwa jamii yenyewe; kila kaya ingefaa iwafahamu kwa majina, na wao ndio wa kuulizwa kwanza. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, ni mahali halali pa kuisoma taarifa ya zahanati kwa sauti, kwa ajili ya wazee ambao ubao hauwafai. Wapo watu wa Buha ambao Kiswahili cha maandishi ni kigumu kwao lakini hesabu ya maharage ghalani hawaikosei. Someni kwa Kiha, nao watauliza maswali ambayo mkaguzi hakuyafikiria. Na pale majibu yanapokosekana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, ambayo hupaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ombi aliandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, alitaje jina la zahanati na robo ya mwaka anayoiulizia, na nakala yake, ikiwa imegongwa muhuri wa mapokezi, abaki nayo nyumbani.